Alijuaje? Juu ya Elimu Tunayojifunza Bila Kujua



Nilipokuja likizo Dar es Salaam kutoka chuo cha dini ninachofundisha ng'ambo, nilikaa siku chache karibu na Mnazi Mmoja, na kila baada ya sala ya Magharibi nilibaki msikitini kujibu maswali ya vijana. Jioni moja kijana mmoja, auzaye mikoba katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na ambaye hana muda mrefu tangu aingie katika dini, alingoja mpaka wenzake wote wakaondoka, akabaki na rafiki yake mmoja tu.

"Sheikh," alisema, "naona haya kukueleza." Kisha akaeleza. Biashara yake ilikuwa imeanguka. Rafiki yake huyo akampeleka kwa mpiga ramli. Yeye hakusema neno. Yule mtu alichora alama zake juu ya mchanga, akamtazama, akasema: Umekuja kwa ajili ya mali. Mali yako imefungwa. Aliyeifunga ni mtu wako wa karibu. Ni mwanamke. Ni wa upande wa baba yako. Kijana akatoka pale akitetemeka, kwani upande wa baba yake anaye mwanamke mmoja tu, shangazi yake, naye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Tangu siku ile alikuwa hampelekei tena fedha za matumizi, wala hapokei simu yake.

"Sheikh, mmetufundisha kwamba ghaibu aijua Mwenyezi Mungu peke yake. Basi mtu huyu alijuaje?"

Swali hili si la kijana huyu tu. Najua kwamba wengi katika ninyi mnaosoma gazeti hili, hasa mlioingia katika dini karibuni na mnaoichunguza bado, mmekutana na jambo la namna hii, nanyi mmeona haya kuliuliza. Kwa hiyo nataka kulijibu hapa kwa urefu kuliko nilivyoweza usiku ule.

MAJIBU MAWILI YA HARAKA

Wako wanaojibu upesi: Waganga wote ni waongo, wamewatuma watu wao kukupeleleza. Hapana shaka wako walio hivyo. Lakini jibu hili halitoshi, kwani wako wapiga ramli wengine wanaoamini kwa moyo wao wote kazi wanayoifanya, na mwenye kuwaita wote waongo huwa amewadhulumu baadhi yao.

Wengine hujibu: Ana majini, nayo yamemwambia. Jibu hili laonekana kuwa la dini, lakini humwachia mpiga ramli lile lile alitakalo, yaani tukiri kwamba ameletewa habari kwa njia isiyo ya kibinadamu. Tukishakiri hayo, itakuwa vigumu kumzuia kijana asiamini lile neno la mwisho, kwamba shangazi yake ni adui.

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Swali letu ni hili: Je, mtu akijua jambo na asiweze kueleza amelijuaje, yatulazimu kusema kwamba uko mlango wa sita? Au yawezekana elimu hiyo iliingia kwa milango ile ile mitano, ila mwenye nyumba hakuwa macho ilipoingia?

MTOTO NA MUUZA NAZI

Mchukue mtoto wa miaka minne aliyezaliwa Kariakoo. Atakuambia "kisu kikali", kisha atakuambia "wembe mkali", na tena "maneno makali", wala hatakosea. Mwulize kwa nini hasemi "wembe kikali". Atakucheka. Hajui ngeli ni nini, wala hakuna mzazi aliyeketi kumfundisha ngeli. Mimi nina wanafunzi watu wazima, wageni wa lugha yetu, ambao hukaa miezi mingi na jedwali la ngeli mbele yao, nao bado hukosea lile ambalo mtoto huyu hakosei. Amelipata wapi? Amelisikia mara elfu nyingi, na akili yake imeokota kanuni bila ya yeye mwenyewe kuambiwa kwamba iko kanuni.

Nenda sokoni ukanunue nazi. Muuzaji huitikisa karibu na sikio, huigonga, huiweka kando na kuchukua nyingine. Mwulize amejuaje kwamba ile ya kwanza ni mbovu. Atasema, "Nimezoea tu." Hakufichi siri. Hilo ndilo jibu alilo nalo. Fundi wa magari husikia injini ikipita barabarani akasema ina ugonjwa fulani. Muuza vitenge humtambua mnunuzi wa kweli kabla hajaulizia bei. Hatuwaiti hawa mawalii wala wachawi, kwa sababu twajua kwamba wamekaa na kazi zao miaka mingi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hili. Mwaka 1967 mtaalamu wa Marekani, Arthur Reber, alieleza jinsi alivyowapa watu mafungu ya herufi wayakariri. Mafungu yale yalitungwa kwa kanuni iliyofichwa. Baadaye aliwapa mafungu mapya akawataka waseme lipi limefuata kanuni na lipi halikufuata. Walipatia kuliko mtu anayebahatisha, ilhali hawakuweza kuitaja kanuni yenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwapa watu mchezo wa karata zenye mafungu manne, mawili kati yake yakiwa ya hasara. Waliripoti kwamba baada ya kama karata kumi viganja vya wachezaji vilianza kutoa jasho kila mkono ulipokaribia fungu la hasara, nao wenyewe bado hawajaweza kusema lipi ni baya. Wengine wamebishana nao baadaye, wakisema kwamba wachezaji walijua zaidi ya walivyosema. Lakini hata hivyo twaona kwamba mtu aweza kuwa na elimu nafsini mwake kabla ulimi wake haujapata maneno ya kuieleza.

MACHO YA NYUMA

Sasa tusogee hatua moja. Je, elimu ya namna hii yaweza kumdanganya mtu mwenyewe akaidhani kuwa ni ya ghaibu?

Watu wengi husema kwamba wao huhisi wakitazamwa kwa nyuma. Tangu mwaka 1898 mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Marekani, E. B. Titchener, aliandika kwamba amelipima jambo hilo na hakuona ukweli wake. Miaka karibu mia moja baadaye Rupert Sheldrake wa Uingereza alilifufua. Mtu huketi akiwa amempa mwenziwe mgongo. Mwenziwe mara humtazama, mara hamtazami, kwa kufuata orodha iliyopangwa, na aliyeketi hujibu kila mara kama anatazamwa au la. Majaribio mengi ya Sheldrake yalionyesha kwamba watu hupatia kupita kiasi cha kubahatisha.

John Colwell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Middlesex, London, wakalirudia jambo hilo, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2000. Kwanza walitumia orodha za Sheldrake mwenyewe. Pale ambapo watu hawakuambiwa kama wamepatia au wamekosea, hawakuonyesha uwezo wowote. Pale walipoambiwa kila mara, walianza kupatia, na wakaendelea kupatia zaidi. Ndipo wakazitazama zile orodha kwa makini. Zilikuwa hazikuchanganywa sawasawa, bali zilibadilika-badilika mno: baada ya kutazamwa, aghalabu zamu iliyofuata ilikuwa ya kutotazamwa. Watu walikuwa wakijifunza mwendo wa orodha bila kujua kwamba wanajifunza. Walipopewa orodha iliyochanganywa kwa haki kabisa, uwezo wao ukatoweka. Sheldrake hakukubaliana na hukumu hiyo. Lakini mimi naona jambo lenyewe ni dhahiri. Watu wale hawakusema uongo. Walipatia kweli, na kila mmoja angeweza kuapa kwamba amehisi macho mgongoni, kumbe alichohisi ni orodha.

FARASI WA BERLIN NA PANYA WA MOROGORO

Pengine utasema, ndugu msomaji, kwamba mpiga ramli hakuwa na orodha. Ni kweli. Alikuwa na kitu bora kuliko orodha: alikuwa na uso wa kijana mbele yake.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko Berlin, mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi jina lake Hans. Farasi huyo aliulizwa hesabu, naye akagonga ardhi kwa kwato mpaka idadi ya jawabu, akasimama. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza isione hila yoyote, na kweli haikuwapo, kwani von Osten hakutoza watu fedha, naye alimwamini farasi wake kwa moyo safi. Mtafiti Oskar Pfungst ndiye aliyegundua siri, akaiandika mwaka 1907. Muulizaji alipokuwa hajui jawabu, farasi naye hakujua. Farasi alipozuiwa asimwone muulizaji, alishindwa. Kumbe kila kwato zilipofikia idadi iliyo sawa, kichwa cha muulizaji kiliinuka kidogo sana pasipo yeye mwenyewe kujua, na farasi akaona. Farasi alikuwa amejifunza kuwasoma watu. Hesabu hakujua hata moja.

Hapa petu Tanzania tunao mfano unaotufundisha jinsi ya kujihadhari. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia kunusa makohozi ya wagonjwa ili kutambua kifua kikuu. Mtu asiyejua angesema kwamba panya hawa wana uaguzi: panya ananusa, anasimama, na hapo ndipo penye ugonjwa ambao jicho la mpimaji huenda halikuuona. Lakini ni pua tu, nayo imefundishwa kwa subira, kwa chakula kidogo kila apatiapo. Na mbele ya panya kupewa kazi ya mabomu hujaribiwa katika kiwanja ambacho hata yule anayemwongoza hakuambiwa bomu limefukiwa wapi. Sababu yake yajulikana tangu farasi wa Berlin: anayejua jawabu hulisema kwa mwili wake, hata akifunga kinywa.

Je, mpiga ramli aliwahi kujaribiwa hivyo?

TURUDI KWA KIJANA WETU

Usiku ule nilimwuliza kijana maswali machache. Nilimwuliza: Kabla ya siku ile, ulikuwa na ugomvi wowote na shangazi yako? Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba majuma matatu kabla ya hapo walikuwa wamegombana juu ya chumba kimoja cha nyumba ya urithi.

Nikamgeukia rafiki yake nikasema: Wewe ulikuwapo. Hebu yakumbuke maneno ya yule mtu tangu mwanzo. Akafikiri, akasema: "Sheikh, kwanza alisema ni upande wa mama. Mwenzangu hakusema kitu. Ndipo akasema, hapana, naona upande wa baba." Kijana akamtazama kwa mshangao. Yeye alikuwa amelisahau kabisa lile kosa, akashika lile tu lililompata.

Basi tazama jinsi jambo lilivyotendeka. Kijana wa makamo yake, mwenye vumbi la soko viatuni, akija kwa mganga, amekuja kwa mali, au mapenzi, au maradhi, au kazi. "Mtu wa karibu" ni neno lisilokosea, maana wahenga walishasema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kila mmoja wetu anaye mtu wa karibu anayemtilia shaka. Yakibaki "mwanamke" na "upande wa baba", hayo yaliandikwa usoni. Pumzi ilikatika, jicho likashuka, mkono ukakaza. Mwenye kukaa mbele ya nyuso za wenye shida kwa miaka ishirini huzisoma kama muuza nazi asikiavyo nazi. Na yawezekana yeye mwenyewe hajui kwamba anazisoma. Yeye huona mchanga na alama zake, jibu likamjia moyoni, akadhani limetoka mchangani.

Jibu lilitoka kwa kijana. Aliingia na dhana ndogo aliyoionea haya, ambayo asingethubutu kuitamka hata peke yake. Akatoka nayo ikiwa imekuwa hukumu yenye muhuri wa ghaibu. Kwake yeye sasa ni habari mpya iliyotoka nje, wala haioni tena kuwa dhana, ilhali ni yake mwenyewe, imepita tu mkononi mwa mtu mwingine ikarudi.

Hatari iko hapo. Dini imetukataza dhana mbaya, kwa kuwa dhana si ushahidi. Lakini ramli huipa dhana joho la ushahidi. Katika nchi yetu jambo hili limepewa jina lake, ramli chonganishi, nalo limemwaga damu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyowashwa na moshi wa meko kwa miaka hamsini, na mpiga ramli akaelekeza kidole kule ambako jirani alishaanza kutazama kwa chuki. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa namna hiyo mwaka 2009 na tena mwaka 2015. Amri za serikali zina kazi yake, lakini hakuna askari awezaye kuingia moyoni mwa mtu aizuie dhana isigeuke kuwa yakini. Kazi hiyo ni yako na yangu.

NA SISI TUSIJITOE

Isidhaniwe kwamba nasema juu ya waganga tu. Miaka kadhaa iliyopita, kule chuoni, niliamka alfajiri moja na hakika moyoni kwamba mwanafunzi wangu mmoja atauacha masomo. Niliwaambia wenzangu. Siku ya nne akaondoka. Wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu ana karama, nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza, kwa kuwa ule mnong'ono ulinipendeza. Ndipo siku moja, nikipanga vitabu, nikakumbuka kwamba kijana yule alikuwa amerudisha vitabu vyangu vyote juma lile bila kuulizwa, na koti lake la baridi nililiona limevaliwa na mwenzake. Nilikuwa nimeviona vyote viwili wala sikuvizingatia. Moyo wangu ulijumlisha hesabu nami nikapewa jumla tu. Ilinibidi kusimama mbele ya darasa na kuwaeleza. Haikuwa rahisi, walakini mwalimu anayepokea heshima ya karama asiyokuwa nayo anakula kisicho chake.

Utauliza: Je, kwa maneno haya unakana ndoto za kweli na ufunuo? Sikani. Sisi twaamini kwamba Mwenyezi Mungu husema na waja wake. Lakini ndiyo sababu hasa yatupasa kuwa waangalifu. Anayeithamini dhahabu ndiye mwenye haja ya jiwe la kuipimia, na mwenye kuita kila kinachong'aa dhahabu ameidharau dhahabu yenyewe. Kumsingizia Mwenyezi Mungu neno ambalo ni wasiwasi wa moyo wako mwenyewe si jambo dogo.

Basi unapojiwa na habari usiyojua imetoka wapi, iwe kwa mpiga ramli, au kwa ndoto, au kwa machale ya moyo wako, jiulize mambo matatu. Kwanza: Je, ilikuwako njia ambayo ningeweza kujifunza jambo hili bila kujua, au yule aliyeniambia angeweza kulisoma kwangu? Pili: Nimeyahesabu yaliyokosea, au nimeyahesabu yaliyopatia tu? Tatu, na hili ndilo kubwa: Ikiwa si kweli, ni nani atakayeumia? Machale yakikuambia usipite njia fulani usiku, pita njia nyingine, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini yakikuambia kwamba fulani ni adui yako, hayo ni mashtaka, na mashtaka yana sheria yake: mshtakiwa asikilizwe, na mashahidi waletwe. Mchanga hauwi shahidi.

Kijana aliniuliza mwisho, "Sasa nimwambie nini shangazi?" Nilimwambia: Usimsimulie habari za ramli, utamjeruhi bure. Kesho asubuhi mpelekee fedha za miezi uliyokata, kisha uende mwenyewe ukamwamkie, na habari ya chumba mzungumze mbele ya wazee. Alikaa kimya. Halafu akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akasema usiku umeshaingia, shangazi hulala mapema. Tukatoka pamoja hadi barabarani, yeye na rafiki yake wakashika njia ya Kariakoo. Siku ya pili nilisafiri, wala sijaambiwa kama alikwenda.

Mwenyezi Mungu atujalie kuyajua yaliyomo mioyoni mwetu kabla hatujayahukumu yaliyomo mioyoni mwa wenzetu. Amin.